Uliza Mwalimu: Chama Kikisimamisha Hata Jiwe

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja, wagombea wenye misimamo mikali katika uchaguzi wa Bunge la Marekani, basi nimeamua safu nzima iende huko. Kwa msomaji mgeni: nilifundisha somo la uraia hadi nikastaafu, na sasa naishi kwa binti yangu Omaha, jimbo la Nebraska. Mengine ninayoyasema nimeyasoma, mengine yanapita mbele ya dirisha langu.

Shikamoo Mwalimu. Tumebishana hadi tumechoka. Mwenzangu anasema Mmarekani wa leo anapigia chama tu, hata chama kikisimamisha jiwe litashinda. Mimi nasema mgombea mkali kupita kiasi lazima wananchi wamwangushe. Nani kashinda ubishi? – J.M.

Marahaba, mwanangu. Nenda naye Alabama kwanza, kisha muendelee kubishana.

Mwaka 2016 Donald Trump alimwacha Hillary Clinton kwa pointi 28 hivi za asilimia katika jimbo hilo. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Desemba 2017, ukaitishwa uchaguzi mdogo wa Seneti. Warepublican wakamsimamisha Roy Moore. Huyu jiwe alikuwa nalo kweli: alisimika mahakamani sanamu ya mawe ya Amri Kumi yenye uzito wa zaidi ya tani mbili, akaamriwa na mahakama ya shirikisho aiondoe, akagoma, na mwaka 2003 akavuliwa ujaji mkuu wa jimbo. Akarudi kwenye kiti kilekile kwa kura za wananchi mwaka 2012, akasimamishwa kazi tena 2016 kwa sababu ya msimamo wake juu ya ndoa za jinsia moja. Ukali huo ulikuwa umeshaanza kumgharimu mapema. Siku aliyochaguliwa 2012, Mitt Romney, mgombea urais wa Republican, alishinda Alabama kwa pointi 22. Moore, kwenye karatasi ileile ya kura, alipenya kwa pointi nne tu.

Novemba 2017 gazeti la Washington Post likachapisha madai ya wanawake waliosema Moore aliwaandama walipokuwa wasichana, yeye akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30. Alikana. Kwa hiyo kesi yake si ya msimamo mkali peke yake, na anayeitumia kama mfano asifiche hilo.

Doug Jones wa Democratic akashinda kwa kura 22,000 hivi. Watu wakashangilia kwamba Alabama imegeuka. Zitazameni hesabu lakini. Jones alipata kura kama 674,000, pungufu kuliko alizopata Clinton mwaka 2016 akishindwa vibaya. Moore alipata 652,000 hivi, na Trump kabla yake alikuwa amepata milioni 1.3. Nusu ya kura za chama zimekwenda wapi? Hazikuhamia kwa Jones, maana tungeziona kwenye fungu lake. Wengi wa watu wale walikaa nyumbani. Wengine wapatao 22,000 na ushei waliandika kwa mkono jina la mtu mwingine, na mmoja wao ni Richard Shelby, seneta wao wenyewe, aliyesema hadharani kwamba Moore hakumpa kura yake. Upande wa pili nao uliamka, hasa wapiga kura weusi, ambao kwa uchaguzi mdogo wa Desemba walijitokeza kwa wingi ambao wachambuzi hawakuutazamia.

Halafu 2020 Warepublican wakamleta Tommy Tuberville, kocha wa zamani wa futiboli ya Kimarekani pale Auburn. Tuberville si mpole wa siasa hata kidogo, ila Mrepublican wa kawaida angeweza kumtia alama bila kuona haya. Jones alipata kura zaidi ya 920,000, karibu robo milioni juu ya zile alizoshinda nazo, na akaangushwa kwa pointi 20. Waliokaa nyumbani 2017 walikuwa wamerudi kwenye chama chao.

Kwa hiyo chama kinawashika watu kwelikweli. Anayechukizwa na mgombea wa chama chake ni nadra kuvuka mto. Hujilaza nyumbani siku ya kura, na mpinzani wake ndiye anayeamka alfajiri. Mtafiti Andrew Hall alizipitia chaguzi za Baraza la Wawakilishi kuanzia 1980 hadi 2010, akichukua zile kura za maoni, yaani za kumpata mgombea wa chama, ambazo mkali na mwenye msimamo wa wastani waliachana kidogo sana. Aliona kwamba mkali akipita, chama hupoteza kati ya pointi 9 na 13 kwenye uchaguzi mkuu. Baadaye yeye na Daniel Thompson wakaonyesha kwamba adhabu hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na nani anajitokeza: mkali huwasukuma vituoni wafuasi wa chama kingine.

Sasa pointi 10 ni nyingi au chache? Inategemea uko wapi. Marjorie Taylor Greene, Mrepublican wa mrengo mkali wa kulia, aligombea 2022 katika wilaya ya uchaguzi ya 14 ya Georgia, na mpinzani wake alichangisha zaidi ya dola milioni 15, fedha zilizotoka kila pembe ya nchi kwa watu waliomchukia Greene. Greene akapata karibu theluthi mbili ya kura. Ondoa pointi 10 hapo, bado anapita bila jasho. Mwaka huohuo Lauren Boebert, wa mrengo uleule, alitetea kiti cha wilaya ya 3 ya Colorado, ambako chama chake kinapendwa lakini si kwa kiasi hicho. Aliponea kwa kura 546. Uchaguzi uliofuata hakugombea tena hapo, alihamia wilaya nyingine ya Colorado yenye Warepublican wengi zaidi, akashinda. Mwenyewe alishajua hesabu.

Na wilaya za kuponea hivyo zinazidi kuwa chache. Mwaka 2016 kila jimbo lililochagua seneta lilimchagua wa chama kilekile lililompa urais. Mwaka 2020 ni Maine tu iliyochanganya, ilipomrudisha Mrepublican Susan Collins. Mwaka 2024, kati ya wilaya 435 za Baraza la Wawakilishi, ni 16 tu zilizompa mbunge wa chama kimoja na mgombea urais wa chama kingine. Mwenzako wa jiwe, mwanangu, ana wilaya 419.

Mwalimu, kama hasara inajulikana, kwa nini wakubwa wa chama wasimkate jina mapema? – Msomaji wa siku nyingi

Kwa sababu hawana kikao cha kukata majina. Mgombea hupatikana kwa kura za maoni zinazosimamiwa na serikali ya jimbo, na anayeshinda ndiye jina linaloingia kwenye karatasi, mwenyekiti apende asipende. Wakubwa wana fedha na maneno tu.

Delaware, Septemba 2010. Mike Castle wa Republican alikuwa gavana wa zamani na mbunge wa miaka mingi, na kila mtu alimhesabu kuwa seneta mtarajiwa. Akashindwa kura za maoni na Christine O'Donnell, aliyebebwa na wimbi la Tea Party, vuguvugu la wahafidhina. Castle alipata kura kama elfu 27, O'Donnell elfu 30 na kidogo. Waliopiga kura Novemba jimboni humo walizidi laki tatu. Yaani mgombea alichaguliwa na kundi ambalo lingeenea kwenye uwanja mmoja wa michezo, kisha akapelekwa mbele ya jimbo zima ambalo halikuwepo uwanjani. Tangazo lake lililokumbukwa kuliko yote lilianza kwa yeye kuitazama kamera na kusema kwamba si mchawi, maana zamani aliwahi kusema kwenye televisheni kwamba alijaribu mambo ya uchawi. Mgombea anayefungua kampeni kwa kukanusha uchawi ameshachelewa. Chris Coons wa Democratic alimshinda kwa zaidi ya pointi 16.

Niongeze jambo ambalo wengi hulipita: "mkali" hapimwi kwa kodi na bunduki peke yake. Liz Cheney wa Wyoming alikuwa mhafidhina wa kupigiwa mfano kwa kura zake bungeni, lakini 2022 aliangushwa kwenye kura za maoni kwa zaidi ya pointi 35, kwa sababu ya kumpinga Trump. Warepublican 10 wa Baraza la Wawakilishi walipiga kura ya kumshtaki Trump Januari 2021. Wanne hawakugombea tena, wanne waliangushwa kura za maoni, wawili wakabaki: mmoja California, mmoja Washington. Majimbo hayo mawili huweka wagombea wa vyama vyote kwenye karatasi moja ya awali, na wawili wa juu ndio wanaosonga mbele. Lakini msiuabudu utaratibu huo, kwa kuwa mmoja wa walioangushwa, Jaime Herrera Beutler, naye alitoka Washington.

Ni kweli kwamba chama kimoja hulipia matangazo ya mkali wa chama kingine? Mbona ni kichaa! – Asha, mwanafunzi

Ni kweli, binti yangu, na wanaofanya hivyo wana akili timamu, jambo linaloniudhi zaidi.

Claire McCaskill, seneta wa Democratic kutoka Missouri, alijua 2012 kwamba hali yake ni mbaya. Alitumia kama dola milioni 1.7 kwa matangazo kuhusu Todd Akin wakati wa kura za maoni za Warepublican. Yalionekana kama ya kumshambulia: huyu ni mhafidhina kupita kiasi! Mrepublican wa Missouri akisikia hivyo anasema, ndiye ninayemtaka. Akin akapita. Siku chache baadaye akatoa kwenye televisheni maneno yaliyozunguka dunia nzima, kwamba mwili wa mwanamke aliyebakwa kweli una njia za kuzuia mimba, na McCaskill akashinda kwa pointi zaidi ya 15 katika jimbo ambalo Romney alilichukua kwa pointi 9. McCaskill mwenyewe ameyasimulia haya bila kificho.

Kinachonikera ni Michigan 2022. Peter Meijer, mmoja wa wale 10, alikuwa akitetea kiti cha wilaya ya 3. Kamati ya kampeni ya Wademokrati ikatoa zaidi ya dola 400,000 kwa tangazo la mtindo uleule wa Missouri kuhusu mpinzani wake, John Gibbs, aliyeungwa mkono na Trump. Gibbs akapita kwa kura chache, na Novemba Hillary Scholten wa Democratic akamshinda kwa takriban pointi 13. Kwa kiti kimoja, hesabu ni safi. Ila chama hichohicho kilikuwa kikihubiri kila jioni kwamba demokrasia iko hatarini na inahitaji Warepublican wenye ujasiri, na alipopatikana mmoja, wakamchimbia shimo kwa fedha zao.

Tena hawakuhitaji. Kule Washington alikotolewa Herrera Beutler, Joe Kent alipita mwenyewe, na Marie Gluesenkamp Perez, mwenye gereji ya magari, akamshinda kwa kura zisizofika 3,000 katika wilaya inayompenda Trump. Walipokutana tena 2024, akamshinda tena, na wilaya ileile ikampa Trump kura za urais.

Mwalimu, heshima yako, lakini unawasema Warepublican tu. Wakali wa kushoto hawapo? – Mama K.

Wapo, Mama K., na mmoja nimemshuhudia kwa jirani.

Wilaya yetu, ya 2 ya Nebraska, ni Omaha na viunga vyake. Mwaka 2018 Kara Eastman, mwenye kutaka bima ya afya ya serikali kwa wote, alimshinda Brad Ashford, mbunge wa zamani wa msimamo wa wastani, kwenye kura za maoni za Democratic. Akashindwa na Don Bacon wa Republican kwa pointi mbili. Mwaka 2020 akarudi. Joe Biden alishinda wilaya hii kwa pointi sita na nusu. Eastman akashindwa kwa karibu tano. Ashford, Mdemokrati, alimuunga mkono Bacon, mtu yuleyule aliyemnyang'anya kiti 2016. Oregon nao 2022 walimwangusha Kurt Schrader kwenye kura za maoni, wakamweka Jamie McLeod-Skinner, na kiti kikaenda kwa Republican. Lakini Alexandria Ocasio-Cortez alipomng'oa Mdemokrati mwenzake Joe Crowley New York 2018, hakuna kilichopotea: wilaya ile ingempa kiti Mdemokrati yeyote.

Mwaka 2024 mtaa wetu ulijaa mabango meupe yenye duara la buluu katikati, bila neno hata moja, alama ya waliotaka kura moja ya wajumbe wanaomchagua rais, ambayo Nebraska huitoa kwa wilaya hii peke yake, iende kwa Kamala Harris. Jirani yangu wa kushoto alipanda duara lake, na hatua mbili kando akapanda bango la Bacon. Nikamuuliza kama mumewe ndiye mwenye la pili. Akacheka, akasema yote ni yake, kwa sababu Bacon hajawahi kumtia aibu. Harris alishinda wilaya, Bacon naye akashinda, na mwezi Juni 2025 akatangaza kwamba hatagombea tena. Bango la jirani liko gereji, nimeliona.

La haraka: aliyeangushwa kura za maoni anaweza kugombea peke yake? – Anayejiita Mdadisi

Majimbo mengi yana sheria zinazomzuia aliyeshindwa asiingie kwenye karatasi kwa njia nyingine.  Upenyo ni kuandikwa jina kwa mkono, na Lisa Murkowski wa Alaska aliupita 2010 baada ya Joe Miller kumshinda kwa kura kama 2,000. Kampeni yake iligawa bangili za mpira zenye jina lake ili watu wasikosee herufi. Miller alikwenda mahakamani kutaka kura zenye herufi zilizokosewa zitupwe; mahakama ikakataa. Murkowski alimpita kwa kura kama elfu 10, seneta wa kwanza kushinda hivyo tangu Strom Thurmond mwaka 1954.