Anza na futi kamba, cherehani itakusubiri

Jumamosi iliyopita nilivaa gauni la kitenge nililolishona mwenyewe katika sherehe ya kumuaga binamu yangu, na shangazi zangu, ambao hawana mazoea ya kusifu ovyo, walilishika pindo, wakaligeuza kukagua mishono ya ndani, kisha wakaniuliza fundi wangu ni nani. Sikuificha furaha yangu nilipowajibu. Tangu nilipoweka picha za siku hiyo, wasomaji wengi wameniuliza wanunue cherehani gani ili waanze kujishonea sketi na magauni. Swali ni zuri, lakini ninaamini kwamba nguo hupendeza au huharibika kwenye vipimo, kwenye mkasi na kwenye pasi, muda mrefu kabla haijafika kwenye sindano.

Mimi niliingia kwenye ushonaji kwa uchungu. Fundi niliyemwamini kwa miaka mingi aliahidi kunishonea gauni la harusi ya dada yangu, akanipiga kalenda za njoo kesho mpaka asubuhi ya harusi yenyewe, na aliponikabidhi, gauni halikupita kwenye hipsi. Mbele ya wateja wengine alisema kwamba nimenenepa. Ukweli ni kwamba hakunipima hipsi kabisa, alikisia kwa macho. Nilikwenda harusini na nguo ya kuazima, na neno lile bado linaniuma nikilikumbuka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uujue mwili wako kwa inchi, na usiuonee aibu. Pima kiuno mahali kinapojikunja unapoinama upande, kisha pima hipsi mahali palipo papana kuliko pote, na si pale unapotamani pawe ndipo. Kitenge cha pamba hakivutiki, hivyo sketi iliyonyooka inahitaji kama inchi 2 zaidi ya kipimo cha hipsi ili uweze kuketi na kupanda daladala bila wasiwasi. Andika vipimo kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa sababu mwili hubadilika, na anayevaa nguo ya vipimo vya zamani atabanwa hata kama amejishonea mwenyewe.

Kwa mwanzo ninapendekeza sketi ya nusu duara, kwa kuwa ina mshono mmoja tu wa nyuma na inasamehe makosa madogo ya hipsi. Vitenge vingi vinavyouzwa Kariakoo vina upana wa takriban inchi 45. Loweka kitambaa kwanza, kikaushe na ukipige pasi, maana pamba ikisinyaa baada ya kushonwa hakuna dawa. Kisha chukua yadi mbili na nusu, yaani inchi 90, uzikunje katikati, nawe utapata mraba wenye inchi 45 kila upande. Kwa kiuno cha inchi 32, gawanya 32 kwa 3.14 upate inchi 10 na kidogo. Bana mwanzo wa futi kamba kwenye kona ambapo mkunjo unakutana na ukingo wa kitambaa, uizungushe huku ukitia alama za chaki kwenye inchi 10, kisha urudie kwa urefu wote wa inchi 45. Ukikata hapo na kuacha nusu inchi ya mshono kiunoni na nyuma, kiuno kitakaa sawasawa, na utabaki na sketi yenye urefu wa karibu inchi 33 baada ya kukunja pindo. Tahadhari moja tu: kitenge chenye ndege au miti inayosimama hakifai kwa mtindo huu, kwa sababu ubavuni ndege watalala mshazari. Chagua maua yanayotazama kila upande.

Sasa nizungumzie pindo, mahali ambapo haraka huwaponza wengi. Sketi ya nusu duara ina sehemu zilizokatwa hanamu, yaani mshazari kuvuka nyuzi za kitambaa, na sehemu hizo hujivuta zenyewe kwa uzito wake. Itundike usiku kucha kabla ya kukunja pindo, halafu asubuhi ivae, simama wima, na mtu akupimie kutoka sakafuni kwenda juu akizunguka pande zote. Anayekunja pindo usiku uleule atajikuta na sketi inayopanda mbele na kushuka ubavuni. Mabinti zangu, tujifunze kusubiri. Tunaipigania haraka katika kila jambo, kisha tunalia kwamba hatuna vipaji.

Kuhusu cherehani, ile ya mguu ya kawaida inatosha, na umeme ukikatika inaendelea kushona. Weka sindano namba 14 kwa kitenge na uibadilishe mara kwa mara, kwani sindano butu huruka mishono. Kila mshono ukishapita, upige pasi kabla ya kuushona mwingine juu yake. Hiyo ndiyo siri ambayo shangazi zangu waliiona walipoligeuza pindo.

Ukishazoea sketi, gauni halitakutisha, kwa kuwa gauni langu la Jumamosi ni sketi hiyohiyo iliyounganishwa na sehemu ya juu. Tafuta blauzi kuukuu inayokukaa vizuri, ifumue mishono yote, ipige pasi, na uitumie kama kielelezo cha kukatia, kwanza kwenye shuka la zamani na baadaye kwenye kitenge. Acha inchi nzima ya akiba ubavuni mpaka utakapojaribu mbele ya kioo. Zipu nayo ipige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono kabla ya kuipitisha kwenye cherehani, kisha uvae, uketi na kunyanyua mikono; kiuno kikikaa mahali pake, ndipo ushone kwa cherehani na kuufumua uzi wa bandi.