Unataka kuongoza watalii? Anza na kulinganisha

Juzi binti mmoja wa Mbalizi aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimeitwa kwenye usaili wa kuongoza watalii Iringa. Kiingereza najua kidogo. Nikazanie nini?" Nilimjibu bila kusita: kazania kulinganisha vitu kwa Kiingereza. Najua wengi mnaonisoma mnaitamani kazi hii, kwa hiyo nawaletea jibu lote.

Mgeni ukimwonyesha Mlima Rungwe, atauliza unaachwa kiasi gani na Kilimanjaro. Ukimfikisha Matema, atataka kujua kati ya Nyasa na Tanganyika lipi lina kina zaidi. Kutwa nzima kazi yetu ni hiyo.

Mimi nimesoma shule ya kata, Rungwe. Kwenye usaili wangu wa kwanza bosi aliona jina la shule akafunga faili. "Wageni wetu hawawezi kuelewa Kiingereza cha shule za kata," alisema mbele ya wenzangu, na mimi hata mdomo sijafungua. Maneno yale yananichoma mpaka leo. Nilirudi Tukuyu nikawa nabeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Ngosi. Njiani nilitega sikio, usiku naandika daftarini kila sentensi waliyolinganishia kitu: njia hii na ile, baridi ya hapa na ya kwao, parachichi letu na la dukani kwao. Daftari lile ndilo lililonipa kazi. Leo wapo wageni wanaoniulizia kwa jina kabla hawajapanda ndege, na hilo najivunia waziwazi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwa Kiswahili neno la sifa halibadiliki unapolinganisha: mlima mrefu, mrefu kuliko ule, mrefu kuliko yote. Kiingereza hubadilisha mkia wa neno fupi: "high", "higher", "the highest". Ndiyo maana vijana wengi husema "Rungwe is high than Loleza", au wanarundika "more higher". Ukishaweka mkia, "more" haina kazi tena. Neno refu kama "beautiful" ndilo linalotaka "more beautiful" na "the most beautiful". Lile linaloishia na y, hiyo y inageuka i, kama "rainy": "Tukuyu is rainier than Iringa". "Good, better, best" na "bad, worse, worst" kariri tu, hakuna njia ya mkato.

Kuna kosa moja nalisikia sana stendi na hotelini: "Mbeya is very colder than Dar es Salaam". Sema "much colder". "Very" hukaa na "cold" peke yake. Ukishalinganisha, ni "much".

Halafu jizoeze kwa vitu vya kwetu. Rungwe ina karibu mita 2,960 na Kilimanjaro mita 5,895, basi "Kilimanjaro is much higher than Rungwe", nayo ni "the highest mountain in Africa". Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, Nyasa karibu 700: "Lake Tanganyika is deeper than Lake Nyasa". Lakini usiidharau Nyasa yetu. Kwa eneo ni "the third largest lake in Africa", baada ya Victoria na Tanganyika. Kimondo cha Mbozi kina uzito wa tani kama 16, na kile cha Hoba kule Namibia ni kikubwa zaidi, karibu tani 60. Kwa hiyo cha kwetu ni "one of the largest meteorites in the world". Angalieni hapo: baada ya "one of the", jina linakuja kwa wingi.

Na hapa nitasema kwa ukali kidogo, ndugu zangu. Ukitamka "the largest" umetoa ushahidi, na mgeni ana simu mkononi. Bado wapo wenzetu Iringa wanaotangaza kwamba Ruaha ndiyo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Tanzania. Ilikuwa hivyo mpaka 2019, ilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kutoka Pori la Akiba la Selous. Sarufi yako inaweza kunyooka kabisa, lakini ukiongopa kwenye hilo mgeni hatakuamini hata ukimwonyesha simba. Soma vipimo vya eneo lako kabla ya kusoma sentensi. Soma tena kila mwaka. Muongoza watalii asiyesoma anachafua jina letu sote.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mbalizi, wakikuuliza habari za Ruaha, waambie taratibu: "Ruaha is larger than Serengeti, but Nyerere is the largest national park in Tanzania." Ile "than" itamke isikike, na "the" usiimeze. Wakiuliza ulisoma shule gani, itaje kwa sauti ileile.