Mafahali wawili kwenye waya mmoja

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, waifai ya nyumbani inanitoa roho. Simu inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Nikizima ruta na kuwasha inarudi, baada ya saa moja yale yale. Fundi kasema ninunue mpya. Ninunue ipi?"

Usinunue. Mimi nilinunua, na ngoja nikusimulie ilivyokuwa.

Naishi Kimara na ninafanya ukalimani wa mtandaoni, Kiswahili na Kiingereza. Wateja wangu wengi wako Marekani, kwa hiyo wao wakiingia kazini mimi ndiyo natoka kula chakula cha jioni. Kazi hii haina "subiri nakupigia". Mgonjwa anaongea, daktari anasubiri, na mkalimani ukikatika katikati umewaacha watu wawili wanatazamana. Wiki moja nilikatika mara tatu. Mara ya tatu sikupigiwa tena, nikatumiwa ujumbe wa mistari miwili wa kunishukuru kwa ushirikiano. Mpaka leo ule ujumbe sijaufuta.

Hasira zote nilizimalizia kwa kampuni ya intaneti. Nilipiga simu huduma kwa wateja, nikamfokea dada wa watu kama ndiye aliyechimba mtaro wa fiba. Naye, kwa upole kabisa, akaniuliza: "Kaka, kuna kifaa kingine chochote umekiunganisha hapo nyumbani?" Nikamjibu hakuna.

Kilikuwepo. Miezi michache kabla, mdogo wangu alihamia banda la uani na waifai ikawa haimfikii, maana katikati kuna kuta mbili za tofali. Alikuwa na ruta yake ya zamani. Mimi mwenyewe nikavuta waya kupitia dirishani, nikachomeka ncha moja kwenye ruta ya sebuleni na nyingine kwenye yake. Taa zikawaka, tukapongezana. Sikuihesabu kuwa kifaa, kwangu ilikuwa kama soketi ya ukutani.

Fundi alikuja, akatazama taa, akasema ruta imechoka. Elfu arobaini yake, laki moja na thelathini ya ruta mpya. Siku mbili raha mustarehe. Ya tatu umeme ukakatika, uliporudi tukaanza upya.

Siri niliivumbua kwa bahati. Usiku mmoja niliandika 192.168.1.1, ndiyo namba ya ruta yangu, kwenye kivinjari cha kompyuta ili niingie kwenye mipangilio ya ruta yangu. Ukurasa wa ruta yangu ni wa bluu. Ukafunguka wa kijani. Nikadhani nimechoka, nikafunga, nikafungua tena: kijani. Nikatoka na tochi mpaka uani, na ile ruta ya mdogo wangu, pale juu ya kabati, ina nembo ya kijani.

Zote mbili zilikuwa zinajiita 192.168.1.1.

Simu au kompyuta ikiingia kwenye waifai, kwanza inaomba namba ya kutambulika mtandaoni, yaani IP. Ruta inaigawia, na kuielekeza mlango wa kutokea kwenda nje. Kazi hiyo ya kugawa inaitwa DHCP, na nyumba inahitaji mgawaji mmoja tu. Sisi tulikuwa kama zahanati yenye makarani wawili wa foleni. Kila mmoja anagawa kadi bila kumwambia mwenzake, na anayejibu haraka ndiye anayesikilizwa. Kibaya zaidi, wote walikuwa wanaelekeza watu "mlango namba moja", na kila mmoja akisema mlango namba moja ni wake. Wa sebuleni unafunguka kwenye fiba. Wa uani nyuma yake hakuna kitu. Ndiyo maana simu ya mke wangu ilipata intaneti nami nikakosa, kesho yake ikawa kinyume. Na umeme ukirudi, kila kifaa kinaomba namba upya, bahati nasibu inaanza mwanzo.

Dawa yake ilichukua dakika kumi na haikugharimu hata shilingi. Nilichomoa ule waya, nikaunganisha kompyuta na ruta ya uani peke yake, nikaibadili namba ikawa 192.168.1.2, nikazima DHCP yake, kisha nikaurudisha waya kwenye moja ya matundu ya kawaida ya LAN, siyo lile la WAN linalotengwa kwa intaneti inayoingia.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniandikia, tazama namba kwanza. Kwenye Windows fungua ule ukurasa mweusi wa amri (Command Prompt), andika ipconfig. Ukikuta namba inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Ukikuta 192.168 lakini intaneti hakuna, andika namba ya mlango (hapo imeandikwa Default Gateway) kwenye kivinjari uone ni ruta ipi inakufungulia. Printa ya steshenari ya mke wangu nayo ilitusumbua kwa namna hiyo hiyo: niliipa kwa mkono namba inayoishia na 105 wakati ruta inagawa zinazoishia na 100 hadi 200, siku moja simu ya shemeji ikapewa hiyo hiyo 105. Nikaihamishia 20. Tazama namba kwanza, nasema tena.

Na vijana wenzangu tunaokula kwa mtandao, tuna tabia mbaya. Tunanunua kipaza sauti cha maana, kiti cha kuzunguka, betri ya kushikilia ruta umeme ukikatika, lakini ukurasa wa mipangilio hatujawahi kuufungua, na paswedi yake bado ni ile iliyobandikwa chini ya ruta. Mtandao ukigoma tunatafuta wa kumfokea. Nasema tunatafuta, lakini yule dada nilimfokea mimi, na alikuwa ameshaniuliza swali lenyewe.

Mteja hakurudi. Ruta ya uani nimeiandika 192.168.1.2 kwa kalamu nene ubavuni. Mke wangu alipoiona akauliza ni namba ya simu ya nani.