Utando wa titania unabanduka? Usikimbilie kubadilisha mada

Juzi kuna dada kaniandikia inboksi, yuko mwishoni mwa masters, anasema utando wake wa titaniamu daioksaidi (ndo hiyo titania) ukitoka kwenye tanuru unakuwa mweupe, ukiupangusa unga unabaki kidoleni, na msimamizi kashaanza kumwambia abadilishe mada. Hapo kwenye kubadilisha mada ndo paliponiuma, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo.

Mimi nilifanya yangu Dar, kwa resipe za watu wa nchi za baridi: titaniamu isopropoksaidi, ethanoli, asidi kidogo, chovya kioo, choma nyuzi 500. Ukisoma ni mteremko. Sasa isopropoksaidi ikikutana na maji tu inageuka mabonge meupe, na hewa ya Dar mwezi wa nne mnaijua wenyewe, chupa ukiifungua mdomo unaanza kufanya ukoko hapohapo. Kilichoniokoa ni asetilasetoni, moli kwa moli na titaniamu, unaiweka KABLA ya maji. Mchanganyiko unakuwa wa njano, usiogope, ndo imeishika titaniamu isikimbilie maji. Halafu tabaka liwe jembamba, kausha, rudia. Ukitaka unene kwa mara moja litapasuka na kubanduka.

Basi nikapata utando safi, unang'aa, kidole hakitoi kitu. Napeleka kwenye methilini bluu, rangi ya majaribio ambayo titania, kama fotokatalisti (kichocheo kinachoamshwa na mwanga), inatakiwa kuivunja, naweka chini ya taa ya UV, rangi haipungui! Kwenye presentesheni watu wakacheka kabisa, mmoja akauliza hii fotokatalisti inakatalisti nini. Nikawaambia tatizo ni kioo, nilikuwa nakata vipande vya kioo cha dirisha kwa sababu ndicho nilichopewa, na kioo hicho kina sodiamu, ukikichoma inapanda kuingia kwenye utando na kuzuia anatesi, ile fuwele ya titania inayofanya kazi, isikae vizuri. Hakuna aliyesikiliza. Nikaazima kioo cha borosilikati, kile cha bika za maabara, sol (ule mchanganyiko wa kuchovya) ileile, tanuru lilelile, rangi ikaondoka. Samahani sijaisikia mpaka leo, na mmoja wao siku hizi hilo la sodiamu analifundisha darasani kama lake.

Kwa hiyo jamani angalieni kioo. Kitazame ubavuni, ukingo ukiwa wa kijani ni cha dirisha, na hata slaidi nyingi za hadubini ni kioo cha aina hiyohiyo japo zinaonekana nyeupe. Borosilikati ikikushinda bei, tanguliza tabaka la silika, choma, ndo uweke titania. Na tanuru msilipandishe ovyo, ukizidi sana nyuzi 600 anatesi inaanza kugeuka rutili, fuwele nyingine ya titania yenye kazi hafifu.

Halafu muwe waaminifu na vipimo. Methilini bluu inaganda kwenye utando hata gizani na inapauka yenyewe kwenye mwanga, kwa hiyo anza na nusu saa ya giza, na weka kioo kitupu pembeni chini ya taa ileile. Anatesi inataka mwanga wa chini ya nanomita 388 hivi, taa ya LED ya sebuleni haina kazi hapo. Usiposimamia hayo mtu akikuchachafya kwenye utetezi huna pa kushika, na watakuchachafya, wapo watu hawajawahi kuchovya hata kioo kimoja ila maswali wanayo.

Wanaopaka unga wa P25 (titania ya kununua iliyo tayari) moja kwa moja, sawa, una nguvu, ila maji yanauosha. Uchanganyeni kwenye sol yenyewe ndo mpake, sol ikichomwa inaushika.