Re: Nakula nashiba lakini mwili hauna nguvu

Mkuu nimekuelewa, unakula unashiba halafu bado umechoka. Sasa kushiba ni habari ya tumbo, nguvu yenyewe inatengenezwa ndani ya seli: wanga unavunjwa unakuwa glukosi, yaani sukari, inaingia kwenye damu, insulini (homoni inayotoka kwenye kongosho) inaifungulia mlango wa seli za misuli, af mitokondria (vijiwanda vya nguvu ndani ya seli) zinaichoma kwa oksijeni ndo unapata ATP, yaani nguvu yenyewe ambayo seli inatumia. Kwa hiyo damu ikipungua oksijeni haifiki vizuri, na insulini ikigoma sukari inabaki inazurura tu kwenye damu, utakula sufuria nzima na bado uchoke. Kapime sukari na wingi wa damu kabla hujanunua mavitamini. Vinywaji vya kuongeza nguvu ndo kabisa achana navyo. Ila kama unakojoa sana, kiu haiishi na unakonda, nenda hospitali leo leo.