Kanga ya Mama Mbele ya Mhadhiri

Wiki iliyopita jarida hili liliuliza: kijana anayekwenda chuo kikuu kusoma historia ya sanaa hurudi nyumbani na nini? Nilisoma somo hilo kwa miaka mitatu, na nilichorudi nacho ni uwezo wa kuviona vitu ambavyo mazoea yalikuwa yamenifumba macho nisivione. (Baba mdogo mpaka leo anaamini nilikwenda kujifunza kuchora, ingawa mkono huo sina hata kidogo.)

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuchagua kitu kimoja na kukieleza kwa kurasa tano bila kutaja maana yake. Nilichukua kanga ya mama yenye jina "Mdhaniaye ndiye siye", nikidhani ni kazi ya usiku mmoja. Ikanila wiki mbili. Nilipima pindo, nikahesabu rangi, nikaeleza jinsi jina, yaani msemo wa kanga, lilivyokaa chini ya mji, ile sehemu ya kati, nikagundua kwamba mahali fulani wekundu umevuka mstari mweusi kwa unene wa ukucha, kwa kuwa kila rangi hupigwa kwa chapa yake. Karibu na ukingo palikuwa na maneno madogo, "Mali ya Abdulla", ambayo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa.

Hapo ndipo historia ilipoanza. Kanga za mwanzo, mwishoni mwa karne ya 19, hazikuwa na maneno, na yalipokuja yaliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu. Kwa miongo mingi zilichapwa ng'ambo, India, Ulaya na Japani, kabla kiwanda cha Urafiki hakijafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Vazi tunaloliita letu, basi, lilipigwa chapa mbali kwa kufuata matakwa ya wanawake wa pwani, ambao wasipoipenda kanga huiacha dukani. Aliyezoea kuuliza kitu kimetoka wapi haridhiki tena na mtembeza wageni anayesema "hii ni sanaa ya jadi" kisha akapita.

Kuhusu ajira sitamdanganya mzazi: ni chache.

Mhadhiri alinirudishia kazi na swali moja pembeni: jina hilo lilimlenga nani? Nilimpigia mama simu. Alicheka, akasema jirani mwenyewe alishahama.