Ndoo ya maji imepita. Je, nimwage zege?

SWALI: Ndugu fundi, ninakarabati bafu. Sakafu imevunjwa, mabomba ya zamani ya majitaka yametolewa na mapya yamelazwa: la choo inchi 4, la maji ya kuoga inchi 2, la sinki inchi moja na nusu. Fundi wangu alimwaga ndoo ya maji, yakapita yote, akasema kesho anamwaga zege. Ndoo hiyo inatosha?

JIBU: Pole na vumbi la ukarabati, na umefanya vyema kuuliza leo. Haitoshi. Mwombe fundi wako asogeze zege mbele kwa siku moja.

Ndoo imekuonyesha kwamba njia haijaziba, basi. Maji yanayopita mbio hulowesha sehemu ya chini tu ya bomba, tena kwa sekunde chache. Kiungo kilichokosa gundi upande wa juu hakiwezi kujulikana hivyo. Unachohitaji ni maji yaliyosimama, yaliyojaa bomba zima na kukisukuma kila kiungo kwa uzito wake.

Iache gundi ikauke vizuri. Saa 24 zinatosha. Kisha ziba bomba pale linapoingia chemba, kwa kizibo cha mpira kinachotanuka unapokaza skrubu yake. Midomo mingine yote ifunikwe, ubaki mmoja, na huo uungiwe kipande cha bomba kilichosimama wima. Taratibu nyingi za ujenzi hutaka maji yafike kimo cha kama mita 3. Jaza mpaka yatuame ukingoni. Mwanzoni yatashuka kidogo kwa sababu hewa iliyojificha kwenye kona inatoka. Ongeza, ndipo uanze kuhesabu. Dakika 15 ndicho kiwango cha chini. Mimi huacha saa nzima, nikizunguka na tishu kavu mkononi na kuipitisha kwenye kila kiungo. Jicho hukosa unyevu mdogo, tishu haikosi.

Usikubali mtu apime mabomba ya PVC kwa kuyajaza upepo wa kompresa. Yakipasuka, vipande hurushwa kama risasi.

Kuna bafu nililopima, maji yakashuka upana wa kidole ndani ya dakika 40, na viungo vyote tulivyoviona vilikuwa vikavu. Ilibidi tufukue elbo moja, yaani kiungo cha kona, iliyokwisha kufunikwa mchanga. Bomba lilikuwa limeingia nusu tu, na gundi yote imesukumwa nje ikafanya pete nzuri ya kumdanganya mtu. Tangu hapo siungi bomba kabla ya kuchora alama ya penseli inayoonyesha linapaswa kuzama hadi wapi. Na sifuniki kiungo chochote kabla ya kipimo.

Mteremko nao ukaguliwe sasa. Bomba la inchi 2 au dogo zaidi lishuke sentimita 2 kwa kila mita. La inchi 4 linaweza kushuka sentimita 1, ingawa mimi huliongezea kidogo nafasi ikiruhusu. Chukua pima maji ya sentimita 60, weka kibao cha milimita 12 chini ya ncha inayoelekea chemba, uilaze juu ya bomba la inchi 2. Kiputo chake kikikaa katikati, mteremko ni sahihi. Rudia kila baada ya hatua, maana bomba lisiloegemezwa vizuri hufanya tumbo katikati, na kwenye tumbo ndiko nywele na sabuni hutuama.

Muulize pia fundi wako bomba la hewa liko wapi. Choo kinapofyonza maji huvuta hewa nyuma yake. Isipopata njia juu ya paa, itapitia kwenye sinki na kubwia yale maji ya kama sentimita 5 yanayokaa kwenye kona ya U, ambayo ndiyo yanayozuia harufu isiingie ndani. Sinki linalokoroma kila choo kinapovutwa huwa na shida hiyo, na baada ya vigae kurekebisha ni kazi kubwa.

Mdomo wa bomba la choo upimwe kwa kimo cha sakafu itakavyokuwa baada ya vigae, si ilivyo leo. Sehemu ya kuogea, ukishapaka dawa ya kuzuia maji, ziba tundu lake, ijaze maji na uiache saa 24 kabla ya kigae cha kwanza.

Mwisho, kabla ya zege, laza futi kando ya kila bomba kuanzia ukutani na upige picha. Siku ya kutoboa sakafu kwa ajili ya skrubu za choo, utajua drili isipite wapi.